Kupaka Rangi Fanicha ya Mtumba Bila Kubanduka: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Bajeti Ndogo

Lalamiko ni lilelile kila siku. Mtu kapata kabati la mtumba kwa bei nzuri, kapitia duka la rangi kachukua kopo na brashi, wikiendi moja tu kabati linang'aa na kila anayeingia ndani anasifia. Mwezi haujaisha rangi inaanza kutoka vipande vipande palepale mkono unaposhika mlango, na yeye moja kwa moja anailaumu rangi, anaenda kununua ya bei kubwa zaidi, nayo inabanduka vilevile.

Mara nyingi rangi haina kosa. Rangi inashika kile ilichokikuta juu ya mbao, sasa kama juu ya mbao kuna mafuta ya mikono ya watu, nta, polishi na vumbi la miaka, basi hivyo ndo vitu ulivyovipaka rangi, mbao yenyewe hukuigusa. Kwa hiyo hela yako ndogo ipeleke chini, yani kwenye sabuni, msasa na praima (koti ya msingi inayotangulia rangi), halafu ubanie kwenye rangi ya juu. Ndo maana humu hatua za maandalizi ni ndefu na ya kupaka yenyewe ni fupi, usishangae.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kusanya vyote kwanza. Kukimbilia dukani katikati ya kazi huku praima inakauka ndo mwanzo wa kuruka hatua.

- Msasa namba 120, 220 na 320. Namba ikiwa ndogo msasa unakuwa mkali zaidi. Namba 80 chukua tu kama kuna rangi ya zamani inayobanduka.
- Kipande cha mbao kinachoenea kiganjani, cha kuzungushia msasa.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ndoo mbili, na fulana kuukuu za pamba kama nne hivi.
- Tapentaini kidogo, kwa ajili ya nta na polishi ambazo sabuni haitoi.
- Gundi nyeupe ya mbao na fila ya mbao, ile ya kuzibia matundu na nyufa.
- Praima inayoendana na fanicha yako (nitaeleza chini).
- Rangi.
- Brashi moja nzuri ya inchi 2 na rola ndogo ya sponji ya inchi 4.
- Bisibisi, tepu ya karatasi, vimfuko vya plastiki, kalamu ya kuandikia alama.
- Barakoa na glavu. Vumbi la msasa sio la kuvuta.
- Tochi ya simu. Hii ndo itakuonyesha ukweli.

Kuhusu kiasi cha rangi watu wananunua nyingi mno. Lita moja kwa kawaida inafunika kama mita za mraba 10 hadi 12 kwa koti moja, yani tabaka moja la rangi. Chukua meza yenye uso wa sentimita 120 kwa 60, huo uso ni mita za mraba 0.72, ongeza miguu na pembeni unafika kama 1.2, koti mbili ni 2.4. Robo lita inatosha kwa kubanabana, nusu lita unabaki na akiba. Kopo la lita nne la nini?

## Wapi pa kubania na wapi usithubutu

Pa kubania ni kwenye rangi. Uliza dukani kama wana kopo zilizochanganywa rangi vibaya, ile mteja kakataa kuchukua, huwa wanaziuza kwa punguzo kubwa na ubora wake ni uleule, tatizo ni kwamba hukuchagua rangi mwenyewe. Uliza na jirani aliyemaliza kujenga. Mabaki mawili unaweza kuyachanganya ukapata rangi yako, ila yawe ya aina moja, ya maji kwa maji na ya mafuta kwa mafuta, ukichanganya maji na mafuta unatengeneza uji usiokauka. Rangi iliyokaa muda ichuje kwa soksi ya nailoni, na kama inanuka uozo au imeganda mabonge hata ukikoroga hailainiki, hiyo itupe.

Vishikio na bawaba za zamani usizitupe pia, mara nyingi uchafu tu ndo umezizeesha.

Usibanie kwenye praima, msasa na brashi. Brashi ya bei ya chini kabisa inaacha nywele ndani ya rangi na kila nywele utaiona hapo mpaka siku ya kuuza kabati. Na brashi ya nywele za asili ni ya rangi ya mafuta, kwenye rangi ya maji inanyonya maji inalegea, huko tumia ya nywele za sintetiki.

## Rangi ipi hasa

Rangi ya mafuta inakauka ngumu, inajisawazisha vizuri, inavumilia kufutwafutwa. Ubaya wake ni harufu kali, inachukua saa 16 hadi 24 kabla ya koti ya pili, brashi inataka tapentaini kusafisha, na nyeupe yake inageuka manjano taratibu hasa ndani ya kabati ambako mwanga haufiki.

Rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao na milango ndo ningemshauri anayeanza. Haina harufu sana, saa 2 hadi 4 unapiga koti nyingine, brashi inaoshwa kwa maji na sabuni, nyeupe inabaki nyeupe.

Rangi ya ukutani ndo wengi wanaitumia kwa sababu ipo tu stoo. Inapendeza siku ya kwanza. Lakini ni laini, imetengenezwa kwa kitu kisichoguswaguswa, ukiweka vitabu kwenye rafu vinagandia, ukifungua droo inang'oka. Kama hali ndo hairuhusu kabisa basi itumie kwenye kitu kisichopata shuruba kama fremu ya kioo, na juu yake lazima koti ya kinga.

## Hatua ya 1: Kagua kabla hujalipa

Kuna fanicha ambayo hakuna rangi itakayoiokoa.

Ubao wa maranda (chipboard) uliovimba kwa maji, achana nao. Bonyeza kwa kidole pembe za chini na karibu na miguu, ukiona pamefura na panamung'unyika basi pamekwisha, haparudi.

Matundu madogo ya mviringo kwenye mbao ni kazi ya bungua. Swali ni kama bado wamo. Gonga mbao juu ya karatasi nyeusi, unga mweupe ukimwagika kuna uwezekano mkubwa kazi inaendelea. Wanatibika kwa dawa ya mbao unayoingiza tundu kwa tundu na bomba la sindano, ila hiyo ni gharama na muda, iweke kwenye hesabu kabla ya kukubaliana bei.

Kunguni ndo balaa lenyewe. Tochi ya simu, angalia kwenye matundu ya skrubu, chini ya droo, kwenye maungio na mishono ya kitambaa. Vidoa vyeusi vilivyotapakaa kama vya ncha ya kalamu, maganda mepesi ya rangi ya kahawia, usijipe moyo. Ondoka.

Kitu kinachoyumba miguu lakini mbao yake ni nzima, hicho ndo cha kukimbilia maana wengi wanakiogopa na kukirekebisha ni gundi tu. Na kama umebahatika ukakuta mbao nzito nzuri chini ya vanishi iliyochakaa, mi nakuomba ufikirie mara mbili kabla ya kuifunika na rangi, kuondoa rangi kesho ni kazi mara kumi ya kuipaka leo.

Onyo kubwa: fanicha ya miaka mingi yenye rangi nene ya zamani usiipige msasa mkavu wala kuichoma. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, hata Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978 tu, na vumbi lake linadhuru ubongo wa watoto hata likiwa kidogo. Kama huna uhakika nayo, kitanda cha mtoto kiache kabisa, vingine tumia msasa wa maji ukilowesha muda wote ili vumbi lisipande, vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, watoto wawe mbali na uchafu uukusanye wote.

## Hatua ya 2: Fungua na weka alama

Toa milango, droo, vishikio na bawaba. Najua inashawishi kupaka kuzunguka bawaba kwa ujanja wa mkono, lakini rangi iliyoziba bawaba inapasuka siku ya kwanza ukifungua mlango na ufa unaanzia hapo kusambaa.

Skrubu za kila mlango ziwe kwenye kimfuko chake na kimfuko ukibandike kwa tepu ndani ya mlango huohuo. Droo ziandike namba chini yake, 1, 2, 3, kwa sababu kwa macho zinafanana lakini kila moja imezoea nafasi yake, ukizibadilisha zinakwama na utadhani ni rangi.

Vishikio na bawaba vitumbukize kwenye maji ya moto na sabuni huku unaendelea na kazi, jioni uvisugue na mswaki wa zamani na kuvikausha vizuri visipate kutu.

## Hatua ya 3: Osha kabla ya msasa

Kwanini kabla? Ukipiga msasa juu ya mafuta na nta unayasukumia ndani ya mikwaruzo ya mbao na hapo hata sabuni haiyafikii tena. Hii peke yake inaangusha kazi nyingi kuliko makosa mengine yote.

Ndoo moja ya maji ya uvuguvugu na sabuni, ndoo nyingine ya maji safi. Loweka kitambaa, kikamue mpaka kisidondoshe, sugua kuanzia juu kwenda chini, suuza na kitambaa cha maji safi, kausha palepale. Usimwage maji. Ubao wa maranda na venia (ule utando mwembamba wa mbao unaobandikwa juu) vinakunywa maji pembeni na kuvimba. Tilia mkazo sehemu za mikono: kuzunguka vishikio, ukingo wa juu wa milango, mikono ya kiti, ukingo wa meza ambako watu wanalaza viwiko.

Ikishakauka dondoshea tone la maji sehemu kadhaa. Tone likisimama mviringo na kuteleza kuna nta au polishi bado. Hapo chukua kitambaa chenye tapentaini, futa, geuza upande msafi, futa tena. Usitumie upande mmoja meza nzima, unakuwa unahamisha nta kutoka kona hii kwenda ile.

Umefaulu pale ambapo kitambaa cheupe kilicholowa kidogo ukikipitisha kinatoka kama kilivyoingia, na tone la maji linatandaa. Iache ikauke usiku kucha.

## Hatua ya 4: Rekebisha kilicholegea

Kiungo kinachoyumba usikipigie msumari. Msumari unapasua mbao na baada ya muda kinayumba tena, safari hii na ufa juu. Kitenganishe kama kinatoka, kwangua gundi ya zamani yote mpaka uone mbao (gundi mpya haishiki juu ya gundi iliyokufa), paka gundi nyeupe pande zote mbili, rudisha.

Huna klampu ya kukibana mpaka gundi ishike? Zungusha kamba miguu yote ya kiti, funga, ingiza kijiti katikati ya kamba halafu kizungushe kama mtu anayekamua nguo. Kamba inajisokota na kubana kiti kwa nguvu ambayo itakushangaza. Kizuie kijiti kisirudi kwa kukiegemeza kwenye ubao wa katikati, na weka vipande vya kadibodi kwenye kona ili kamba isikate mbao. Hakikisha miguu yote minne imegusa sakafu iliyo sawa kabla gundi haijashika. Gundi iliyotoka nje ifute na kitambaa chenye maji sasa hivi maana ikikauka praima inaikataa. Iache saa 24.

Matundu na nyufa jaza na fila, ujaze ipite kidogo usawa kwa sababu inanywea ikikauka. Tundu refu jaza mara mbili badala ya kurundika kwa mpigo mmoja. Ukikosa fila, vumbi laini la msasa ukilichanganya na gundi nyeupe linafanya kazi chini ya rangi, ila linakuwa gumu sana kusawazisha kwa hiyo lisawazishe vizuri kwa kisu likiwa bichi.

Kama unabadilisha vishikio na umbali wa matundu hauendani, huu ndo wakati wa kuziba ya zamani na kutoboa mapya, sio baada ya rangi.

## Hatua ya 5: Msasa

Hapa kuna kutoelewana kukubwa. Watu wanadhani lazima wakwangue mpaka mbao tupu ionekane, wanachoka nusu ya kabati, wanaamua kuruka iliyobaki. Sio lazima! Kama rangi au vanishi ya zamani imeshika vizuri, lengo lako ni kuua mng'ao tu ili praima ipate pa kung'ang'ania.

Utajuaje kama imeshika? Kata mistari michache ya kupishana kwa wembe sehemu iliyojificha, bandika tepu, ikandamize, ivute kwa nguvu. Ikitoka na vipande vya rangi basi msingi ni mbovu na utabidi uondoe yote. Ikitoka safi, msingi unabeba.

Kwenye mbao na rangi ya kawaida anza na 120 pale penye ukwaru, fila na michirizi ya zamani, alafu 220 kote. Kwenye vitu vinavyoteleza kama melamini (ubao wa maranda uliofunikwa ngozi ngumu ya plastiki) anza na 220 moja kwa moja, namba kali inatoboa ile ngozi ya juu na ukishafika kwenye maranda umejiongezea kazi. Venia nayo ni nyembamba kama karatasi, mkono mwepesi, hasa pembeni.

Zungusha msasa kwenye kipande cha mbao, vidole vitupu vinachimba mabonde. Fuata mkondo wa nyuzi za mbao, usikate kwa kupinga, mikwaruzo ya kupinga inatokeza juu ya rangi. Msasa ukiziba gonga uanguke vumbi, ukikataa badilisha, kusugua na msasa uliokufa ni mazoezi ya mkono tu.

Sasa zima taa, washa tochi ya simu na uilaze karibu na uso wa mbao mwanga upite kwa ubavu. Sehemu zinazong'aa zitajitokeza kama madoa, na kila bonde na mkwaruzo utaona kivuli chake. Rudia hapo hapo mpaka uso mzima umefifia sawasawa bila doa la kung'aa.

Vumbi litoe kwa brashi kavu, kisha kitambaa chenye unyevu, kisha subiri nusu saa ufute tena kwa sababu lile lililokuwa hewani limeshashuka.

## Hatua ya 6: Praima

Praima ina kazi mbili na ni vizuri ujue unaihitaji kwa ipi. Ya kwanza ni kushika, ya pili ni kuzuia madoa yasipande juu.

Mbao tupu na rangi ya zamani iliyofifishwa: praima ya kawaida ya mbao inatosha, andakoti (rangi ya kutanguliza chini ya koti ya mwisho) peke yake hapana. Melamini na vitu vinavyoteleza: omba praima ya kushika sehemu laini, dukani waambie hivyo hivyo, unapaka kwenye melamini.

Mbao nyekundu au za kahawia iliyokolea kama mkangazi zina rangi ya asili ndani yake inayoyeyuka na kupanda. Unapaka nyeupe, inapendeza, siku ya pili inatokea madoa ya manjano au ya waridi, unaongeza koti, yanatokea tena. Ukipiga koti kumi za rangi ya maji bado yatapanda maana maji ndo yanayoyapandisha. Dawa yake ni praima ya shelaki (utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwenye spiriti) au ya mafuta inayozuia madoa. Hivyohivyo kwa vifundo vya mbao, wino, na harufu ya sigara.

Praima ya mafuta inapokea rangi ya maji juu yake bila shida ikishakauka kabisa. Huna haja ya kununua vyote vya aina moja.

Paka nyembamba. Praima sio lazima ifunike rangi ya chini, ukiona mabaka mabaka usiogope. Ukingo wa ubao wa maranda uliokatwa unanyonya sana, hapo piga mbili. Ikikauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo pitisha 320 kwa mkono mwepesi kabisa, unga mweupe utatoka na uso utakuwa laini. Kama badala ya unga msasa unaviringisha vijipande kama mpira, haijakauka, subiri.

Kabla ya kuendelea fanya jaribio: kwaruza kwa ukucha sehemu iliyojificha. Praima ikibaki, endelea. Ikichubuka kirahisi, hata rangi ya dhahabu ukiweka juu itaondoka nayo, rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 7: Rangi

Pindua fanicha uanze na miguu na chini, ukimaliza uigeuze upake juu. Milango na droo zilaze chini juu ya vifuniko vya chupa, rangi ikiwa imelala haitiririki.

Koroga rangi kwa kijiti ukifika chini kabisa ya kopo, usitikise, mapovu. Mimina kiasi kwenye kopo dogo na uchovye humo, ukichovya kwenye kopo kubwa unarudisha vumbi lote mule. Chovya theluthi ya nywele za brashi basi.

Brashi kwanza kwenye kona na mapambo, kisha rola kwenye sehemu pana wakati kona bado ni mbichi. Ukimaliza eneo moja pitisha ncha ya brashi iliyo karibu kavu kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kukandamiza, usirudi. Kurudirudi kwenye rangi iliyoanza kukauka ndo kunaacha alama za brashi, ukiona sehemu umeiruka na imeshaanza kushika iache, koti ya pili itaifunika.

Koti mbili nyembamba zinashinda moja nene kila siku. Nene inakauka juu chini ikabaki mbichi, inakunjamana, inatiririka. Rangi ikiwa nzito sana ongeza maji au tapentaini kulingana na aina yake, isizidi asilimia 5 hadi 10, ukizidisha unaharibu ufunikaji.

Usipakie juani. Jua linakausha rangi haijajisawazisha. Kivulini, penye hewa lakini pasipo upepo wa vumbi, na siku ya mvua nyingi ahirisha kama unaweza.

Droo paka uso wa mbele tu na ukingo wake. Pembeni na kwenye reli usipake, unene wa rangi ni mdogo lakini unatosha kuifanya droo ikwame, na hapo inapokwaruzana itabanduka.

Kati ya koti ya kwanza na ya pili, 320 tena kidogo na ufute vumbi. Brashi kama unaisubirisha saa chache ifunge kwenye mfuko wa plastiki bila hewa, hakuna haja ya kuiosha kila mara.

## Hatua ya 8: Koti ya kinga, kama inahitajika

Rangi ya mafuta na rangi nzuri ya maji ya mbao hazihitaji, isipokuwa kwenye uso wa meza na kiti cha kukalia. Rangi ya ukutani inahitaji kila mahali.

Juu ya nyeupe na rangi nyepesi tumia vanishi ya maji isiyo na rangi. Vanishi ya mafuta itakugeuzia nyeupe kuwa manjano na hakuna kurudi nyuma. Koti 2 hadi 3 nyembamba, koroga polepole, usitikise kopo.

Vitambaa vyenye vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani usivikunje ukavirundika kwenye kona. Vinapokauka vinajitengenezea joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke, au vizamishe kwenye maji.

## Hatua ya 9: Subiri

Hii haina gharama yoyote na ndo inayowashinda watu.

Rangi iliyokauka kwa kugusa bado haijakomaa. Ya maji inachukua kama wiki mbili hadi nne kufikia ugumu wake kamili. Unaweza kuitumia fanicha baada ya siku mbili tatu, lakini taratibu: hakuna kikombe cha moto, hakuna kitambaa cha plastiki au kioo juu ya meza, vitabu visirundikwe, milango iache wazi kidogo isigandane na fremu. Kuosha na sabuni, baada ya mwezi.

Bonyeza ukucha sehemu iliyojificha. Ukiacha alama, bado. Usipoacha, rudisha vitu vyako.

## Kama mambo yameshaharibika

Inabanduka kama ngozi, vipande vipana: msingi. Chini kulikuwa na uchafu au mng'ao. Toa yote iliyolegea na uanze hatua ya 3, kuziba viraka hakusaidii.

Vishimo vidogo vya mviringo vinavyofunguka wakati unapaka, rangi inakimbia kama imeogopa kitu: silikoni ya polishi za kupuliza. Acha ikauke, msasa, tapentaini, praima ya shelaki, kisha rangi.

Mikunjo: koti ya pili imewahi, au ya kwanza ilikuwa nene. Subiri ikauke kabisa, hata wiki, usawazishe kwa msasa.

Inanata wiki baada ya wiki: rangi ya zamani iliyooza, au unyevu mwingi, au ni ya ukutani na hiyo ndo tabia yake. Ipeleke penye hewa kavu kwanza kabla ya kukata tamaa.

Michirizi iliyokauka usiikate na kisu, inaacha shimo. Msasa 220 juu ya kipande cha mbao, kisha koti moja.

## Mabaki

Tapentaini uliyooshea brashi usiimwage kwenye bomba la maji machafu wala kwenye udongo. Iweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, andika juu ni nini, weka mbali na watoto na moto. Baada ya siku chache rangi inazama chini na juu inabaki safi, unaimimina polepole unaitumia tena.

Na rangi iliyobaki usiiache kwenye kopo kubwa lenye hewa nyingi, inaganda. Hamishia kwenye chupa ndogo ijae karibu mpaka juu, andika jina la rangi, namba yake na tarehe, ubandike na jina la fanicha uliyopaka. Kona ikichubuka mwakani unachukua brashi ndogo unagusia hapo tu.